Cheni ya Oganda: kuisoma tena hadithi ya mvua

Hadithi ya Grace Ogot inayoitwa "The Rain Came" wengi wetu tuliikuta shuleni. Ndiyo ile ya Oganda, binti pekee wa Chifu Labong'o, anayetolewa kwa zimwi la ziwani ili ukame uishe. Tukishamlilia vya kutosha, mara Osinda, mpenzi wake, anatokea na kumwokoa, na mvua inanyesha vilevile. Kila tukiisoma kwa pamoja huku Tororo, lazima mtu alalamike: mbona Osinda kadondoka tu kutoka juu? Mwandishi katudanganya!

Mimi nasema hajatudanganya. Hebu turudi nyuma tufuate nyayo.

Ya kwanza ni cheni. Mganga anapoeleza msichana aliyeonyeshwa na mababu, anataja pete ya sikioni na cheni ya shaba kiunoni. Tunaipita haraka kwa sababu tunataka kujua ni nani. Baadaye kidogo, Oganda yuko peke yake, anadhani wazee wanajadili ndoa yake, na anaishikashika ile cheni. Hapo ndipo tunaambiwa alipewa na Osinda, naye akaivaa kiunoni ili ikae hapo daima. Yaani alama waliyomtambulia mababu ni zawadi ya Osinda! Kitu kinachompeleka kufa ndicho kinachomfunga na mtu atakayemtoa. Na mwishoni Osinda anapomfuta machozi, mkono wake unaigusa cheni ileile.

Ya pili ni amri. Mababu wanasema siku hiyo kila mtu abaki nyumbani, asije akachukuliwa na mafuriko. Ukisoma mara ya kwanza, unaona ni onyo tu. Soma tena, jiulize: kama wote wako nyumbani, nani atamlinda msichana njiani? Nani atahakikisha amefika ziwani? Amri yenyewe imeacha mlango wazi.

Ya tatu ni maji. Njiani mtoto mdogo anampa Oganda kipuli ampelekee dada yake aliyekufa. Oganda anamwachia mtoto maji na chakula chake, kwani yeye hana haja navyo tena. Halafu anapozimia kwenye ile ardhi takatifu, anazinduka mtu akimtilia maji mdomoni. Aliyetoa maji amerudishiwa maji. Ndugu msomaji, hiyo si bahati nasibu.

Ogot hakuandika kwa kubahatisha. Alizaliwa 1930, akasomea uuguzi Mengo, Kampala, na hadithi hii aliisoma Makerere mwaka 1962 mbele ya waandishi wa Afrika, wakati huo ikiitwa "A Year of Sacrifice". Mwaka 1968 ikatoka katika kitabu chake Land Without Thunder.

Lakini kuna jambo ambalo nyayo hizi hazilimalizi. Mama mmoja Mjopadhola, jirani yetu, alisimuliwa hadithi nzima na binti yake. Kijaluo na Dhopadhola ni lugha ndugu, kwa hiyo majina kama Podho hayakumpa shida. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa, kule nyumbani nani anajua kuwa mtoto hajafa?"

Tukanyamaza. Kwa sababu jibu ni: hakuna. Labong'o ataona mvua, atajua binti yake ameliwa. Kijiji kitasema dawa imefanya kazi. Ukame mwingine ukija, watatafuta msichana mwingine, na safari hiyo labda hakutakuwa na Osinda wa kuvaa majani ajifiche macho ya mababu. Mvua ile ile inayotufurahisha sisi wasomaji ndiyo inayothibitisha uongo kijijini. Kwangu huo ndio mwisho wa kweli wa kushtua, na umefichwa ndani ya ule mwingine.

Sisi tuliovuka Busia na Malaba mapema 2008 tunaujua mwisho huo. Tarehe 28 Februari mwaka huo viongozi walitia saini mkataba Nairobi. Mvua ilinyesha. Watu wakasema basi, yameisha, nchi imepoa. Sisi wakati huo tuko Mulanda chini ya turubai, na wengine baadaye wakapelekwa mbali, Kiryandongo. Sikuwachukia waliofurahi. Hata mimi nilifurahi. Lakini ukimya ulioizunguka furaha ile ulikuwa kama wa kijiji cha Labong'o: waliopotea wamehesabiwa kuwa bei, na bei imeshalipwa.

Oganda mwenyewe aliamini hivyo. Anamsihi Osinda amwache afe, wapate mvua. Osinda habishani naye kuhusu mvua. Anamfunika vazi la majani, wanakimbia. Mwandishi anawaacha hapo, wamelowa, radi juu yao, na hatuambiwi kama waliwahi kutuma neno nyumbani.

Wafanyakazi wa mashirika hutuuliza kwa nini tunaandika gazeti dogo kama hili wakati kuna shida ya kuni na maji. Jibu langu ni swali la yule mama. Mkiisoma hadithi tena, anzeni na maneno ya mganga, mshikeni Oganda cheni yake mpaka mwisho, kisha muulizane: nani atarudi kuwaambia?