Mfuko wa Bibi Hilde

Hilde Back, mwalimu wa Uswidi, aliikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa msichana wa Kiyahudi. Karo aliyomlipia mtoto asiyemjua huko Kiambu, Kenya, haikuwa kubwa, kama dola 15 kwa muhula. Mtoto huyo, Chris Mburu, akafika Harvard, akawa mwanasheria wa haki za binadamu Umoja wa Mataifa, na mwaka 2001 akaanzisha mfuko wa elimu kwa jina la mfadhili wake, hata kabla hawajaonana.

Bibi alipokuja Kenya, kijiji cha Mburu, Mitahato, kilimpokea kwa ngoma na kumfanya mzee wa jamii. Ziara nyingi za wafadhili hunichosha, kusema kweli: watoto wamepangwa mstari, wimbo wa shukrani, picha, gari limeondoka. Hapa mwenyeji mwenyewe, Mburu, alikuwa tayari analipia wengine.

Hongera zangu hasa ziende kwa wanakamati wa mfuko wanaochagua watoto wa kulipiwa. Filamu ya A Small Act (2010), inayosimulia kisa hiki, inawaonyesha watoto werevu ambao wazazi wao hawana karo ya sekondari, wakisubiri alama za KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi wakati huo, zilizoamua nani mfuko utamlipia. Waliokosa nao ni majirani, na kesho watakutana na wanakamati njiani.