Nyumba ya Magogo Shume: Msingi na Paa Kwanza

Ukitafuta mahali pa kujenga nyumba ya magogo Tanzania, Shume itakuwa miongoni mwa majina ya kwanza. Uwanda huu wa juu wa Usambara Magharibi una baridi ya kweli Juni na Julai, na shamba la miti la serikali limejaa misindano na misaipresi iliyonyooka. Lakini wingi wa miti haujibu swali gumu zaidi: je, mti uliopo leo unafaa kulazwa ukutani ukiwa mzima?

Miaka zaidi ya 100 iliyopita jibu lingekuwa rahisi. Kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikuwa na kiwanda cha kupasua mbao hapa Shume, mahali ilipopaita Neu-Hornow. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia mbao zake zilishuka mlimani kwa waya wa angani, kazi ya kampuni ya Bleichert ya Leipzig, hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli itokayo Tanga. Mti uliofuatwa zaidi ulikuwa mtarakwa. Kiini chake chekundu hustahimili kuoza na wadudu kwa miaka mingi, ndiyo maana Wakenya wa nyanda za juu waliupenda kwa nguzo za uzio. Mitarakwa iliyobaki sasa imo ndani ya hifadhi, na ibaki huko. Anayejenga leo ana msindano na msaipresi tu, na mpango wake lazima ukubali udhaifu wa miti hiyo.

Msindano huoza haraka ukikaa na unyevu. Msaipresi uliokomaa una kiini bora zaidi, ila sehemu nyeupe ya nje ni dhaifu vilevile. Kwa hiyo mimi ningechagua saipresi kwa mistari miwili ya chini, na msindano juu yake. Miti ikatwe masika yakishapita, imenywe magamba mara moja kwa sababu wadudu hutaga chini ya gamba, kisha ilazwe kivulini juu ya vipande vya mbao ili upepo upite kila upande. Dawa ya boraksi inasaidia, lakini huyeyuka kwa maji. Bila paa pana, mvua itaiosha yote.

Hapo ndipo ramani inapopaswa kuanzia. Msingi wa mawe unyanyuke angalau nusu mita juu ya ardhi, na kati ya jiwe na gogo la kwanza pawe na tabaka la lami au nailoni nzito. Paa litoke nje ya ukuta karibu mita moja pande zote. Ukungu wa Shume unalowesha hata siku isiyo na mvua, na ukuta usiopata nafasi ya kukauka hauna fundi wa kuuokoa.

Sasa tupige hesabu. Chumba cha mita 5 kwa 6, magogo ya kipenyo cha sentimita 28, yakichomoza sentimita 40 kwenye kila pembe, yanahitaji karibu mita 25 za gogo kwa mzunguko mmoja. Mizunguko 10 ni zaidi ya mita za ujazo 15, kabla ya kutoa milango na madirisha. Gogo refu likiwa bichi hukaribia kilo 400, kwa hiyo tenga fedha za winchi ya mkono na magogo ya kuegemeza ya kupandishia.

Pembe ndiyo mtihani wa fundi. Gogo la juu hulazwa juu ya lile linalokatiza chini yake. Bikari hushikwa wima, ncha moja ikifuata mgongo wa gogo la chini na penseli ikiuchora mkunjo huohuo kwenye la juu. Gogo hupinduliwa, na kikombe kikachongwa tumboni mwake kwa msumeno wa mnyororo na patasi. Kikichongwa mgongoni mwa gogo la chini, kitakuwa bakuli la mvua na pembe itaoza. Mashina na vilele navyo vipishane mstari hadi mstari, la sivyo ukuta utainuka upande mmoja.

Kosa linaloumiza zaidi hujitokeza nyumba ikishahamiwa. Gogo bichi likikauka hupungua unene, urefu wake haubadiliki sana, hivyo ukuta wote hushuka. Wajenzi wa Marekani na Kanada wanaotumia magogo mabichi huacha nafasi ya karibu sentimita 6 kwa kila mita ya kimo. Juu ya mlango wa mita 2, hiyo ni sentimita 12 za uwazi zilizofichwa nyuma ya ubao. Fremu isipigiliwe kwenye magogo, bali ishikwe na mfereji unaouruhusu ukuta kushuka. Ukiikaza, ukuta utaning'inia juu ya mlango na mianya itafunguka kati ya magogo.

Kila gogo litoke kwa njia halali, na risiti, alama ya nyundo na hati ya kusafirishia, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mwenye saipresi iliyokomaa, fundi wa pembe na subira ya kukausha, ajenge. Asiye na subira hiyo ajenge nyumba ya fremu na mbao zilizotiwa dawa: itatumia sehemu ndogo tu ya miti hiyo, na baridi ya Julai ataizuia vilevile akijaza vizuri nafasi ya ndani ya kuta.