Gari "Linapochemsha": Uhakiki wa Istilahi za Upozaji wa Injini

Istilahi hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mezani: tunauliza kama neno limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha, kama linatamkika kwa urahisi, na kama halijatwaliwa na taaluma nyingine. Ya pili ni ya kazini: tunauliza kama mtu aliyepewa neno hilo ataweza kulitenda jambo lililokusudiwa pasipo kukosea. Katika makala haya tunakusudia kuitumia njia ya pili kuzipima istilahi za sehemu moja ndogo ya ufundi wa magari, nayo ni upozaji wa injini. Tumeichagua kwa sababu magari ya zamani, kama vile Land Rover za Series III zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, yangaliko barabarani, na matengenezo yake bado hutegemea akili ya fundi na maneno anayopewa. Kosa la neno hapa hulipwa kwa hedi iliyopinda, au kwa mkono uliobabuka.

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe. Gerejini husemwa kwamba gari "linachemsha". Mfasiri anayeogopa kuonekana si msanifu huliacha neno hilo, akaandika "injini kupata joto kupita kiasi". Sisi hatuoni aibu yoyote katika neno la gerejini. Kasoro yake ni moja tu: linafunika mambo matatu yasiyofuatana daima, yaani injini kuzidi joto, maji kuchemka, na maji kufurika. Maji yakiisha kuvuja yote, injini yaweza kuharibika pasipo tone moja kuchemka, na geji, ambayo kipimio chake sasa kimebaki hewani, yaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari. Kinyume chake, maji yaweza kuchemka katika injini ambayo haina ubovu wowote, iwapo kifuniko cha rejeta kimechoka na hakizuii tena presha. Pwani, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Iringa mjini, penye mwinuko wa kiasi cha meta 1,600, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Basi gari lililotoka Dar es Salaam likiwa salama laweza kupanda mlima wa Kitonga na kutoa mvuke kwa sababu ya kifuniko tu. Fundi anayeambiwa "linachemsha", naye asiulize zaidi, aweza kuifungua injini nzima kwa kosa la kifuniko.

Neno la pili ni "mgandamizo". Hapa ndipo tunapoona hatari kubwa kuliko zote. Anayechunguza injini iliyozidi joto hufanya vipimo viwili vilivyo mbali kabisa. Katika kipimo cha kwanza hutia hewa katika rejeta kwa pampu ya mkono, akatazama kama sindano inashuka, ili ajue kama maji yanavuja mahali. Katika cha pili hutoa plagi, akapima nguvu ya hewa inayobanwa na pistoni katika kila silinda, ili ajue kama gasketi ya hedi ni nzima. Mfasiri akitumia "mgandamizo" kwa vyote viwili, agizo "pima mgandamizo" halina maana, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kujua ashike chombo kipi. Wengine hukimbilia "kanieneo", neno la fizikia lililoundwa vizuri kutokana na kani na eneo. Lakini lina mahali pake darasani. Chini ya boneti halijulikani. Neno "shinikizo" lingefaa, ila mafundi wamekwisha kuchagua "presha", na neno hilo limekubali sauti zote za Kiswahili. Tunaona ni heri "presha" ibaki kwa maji ya rejeta, na "mgandamizo" uwe wa hewa ndani ya silinda peke yake.

La tatu ni "themostati". Kwa kuliepuka neno la kigeni, mtu aweza kuunda "kidhibitijoto", na kwa kanuni za mezani hakuna la kumlaumu. Lakini jina hilo halisemi chombo kinafanya nini. Themostati ni vali ndogo inayozuia maji yasiende rejetani mpaka injini ipate moto wa kutosha, kisha ikafunguka; katika magari mengi hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Mafundi wengi huitoa wakaitupa, kwa hoja kwamba nchi ya joto haihitaji kizuizi cha maji. Injini isiyokuwa nayo huchelewa kupata moto, hula mafuta mengi na huchakaa upesi. Tena katika injini ambazo themostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, kuiondoa huiacha njia ile wazi, sehemu ya maji ikazunguka bila kupita rejetani, na joto likazidi badala ya kupungua. Kwa hiyo orodha ya istilahi inayoweka neno moja mkabala na jingine pasipo maelezo haijamsaidia mtu. Hapa fasili ina thamani kuliko jina.

Jambo hilo hilo ladhihirika zaidi katika jina la dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Lugha za Ulaya zimeiita kwa kazi yake ya majira ya baridi, nayo ni kuzuia maji yasigande. Mfasiri akifuata jina hilo akaandika "kizuia kuganda", msomaji wa Tanga atacheka na kuiacha dukani, kwani ni lini maji yaliganda Tanga? Hali dawa hiyo huzuia kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko huchemka kwenye nyuzi 107 hivi hata bila presha. Maji matupu ya bomba au ya kisima huacha kutu na magadi, ambayo mwisho wake ni rejeta iliyoziba. Tafsiri hapa ni sahihi kwa neno na potofu kwa maana. Tunapendekeza "dawa ya rejeta", jina ambalo halimfungi mtu kwenye theluji asiyoijua.

Isidhaniwe kwamba kila neno lisilo sahihi kisayansi linahitaji kusahihishwa. Mafundi husema gasketi "imeungua", ijapokuwa mara nyingi imepasuka au imelegea baina ya hedi na bloku. Neno hilo halimpotezi mtu, kwa kuwa kila alisikiaye anajua kwamba gasketi ni ya kubadilishwa. Basi na liachwe. Lakini tahajia ya "kupoza" na ilindwe: mwandishi anayeandika "kupooza injini" ameipeleka injini katika wodi ya viharusi.

Ili hoja yetu isibaki ya maneno matupu, tumejaribu kuandika maagizo mafupi kwa istilahi tunazozitetea:

"Gari likizidi joto likiwa limesimama au likienda polepole, na likipoa liendapo kwa mwendo mzuri, kagua feni na mkanda wake. Katika Land Rover ya Series III mkanda mmoja huzungusha pampu ya maji, feni na mtambo wa chaji. Taa ya chaji ikiwaka na joto likapanda kwa pamoja, simama mara moja. Gari likizidi joto mlimani au kwa mwendo wa kasi, kagua kama rejeta imeziba na kama themostati inafunguka. Maji yakipungua, tia presha katika rejeta utafute yanapovuja. Ukiona mapovu rejetani yasiyokoma, mvuke mweupe wa ekzosi usioisha hata injini ikishapata moto, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, pima mgandamizo wa silinda. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa na mgandamizo mdogo, shuku gasketi iliyo kati yake. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ingali moto: ngoja ipoe, kifunike kwa kitambaa kizito, kisha kilegeze kidogo kidogo. Usitie maji baridi katika injini yenye moto. Hedi au bloku yaweza kupasuka."

Linganisha onyo hilo la mwisho na sentensi ya namna hii: "Uondoaji wa kifuniko cha shinikizo usitekelezwe kabla ya kanieneo la mfumo kupunguzwa." Sarufi yake haina dosari. Lakini aisomaye kando ya barabara, mkono ukiwa tayari kwenye kifuniko, atakuwa amekwisha kubabuka kabla hajaufikia mwisho wake.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuyapokea maneno kama rejeta, feni, pampu na presha ni kuufungua mlango wa mafuriko. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo maneno hayo yamekwisha kuingia na kukaa. Yana irabu mwishoni, yanafuata ngeli, na hakuna mwendesha gari anayeyaona mageni. Wala hatuyapokei yote kwa upofu: tumeitetea "halijoto" kwa kiasi kinachosomwa kwenye geji, ili "joto" libaki kwa kitu chenyewe, na tumeutetea "mgandamizo" mbele ya "kompresheni". Swali letu kwa kila neno ni lile lile: je, linatenganisha vitu ambavyo kazi yenyewe inavitenganisha?

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, orodha za istilahi za ufundi ziambatane na fasili, tena zisomwe na mafundi kabla ya kusanifiwa. Pili, walimu wa vyuo vya ufundi wawafundishe wanafunzi kulivunja neno "kuchemsha" katika maswali yake matatu: joto limezidi, maji yamechemka, au yamefurika? Tatu, wakuu wa karakana za serikali waziandike upya fomu za matengenezo, ili dereva asiwe na nafasi ya neno moja tu "linachemsha", bali aulizwe lilianza lini, wapi, kwa mwendo gani, na geji ilisomaje. Fomu yenye maswali hayo itaokoa injini nyingi kabla ya spana kushikwa.