Wema na Heri katika Maadili ya Aristotle

Neno la Kiyunani eudaimonia ni gumu kulipatia mwenzi katika Kiswahili. Likiitwa furaha, maana yake hupungua, kwa kuwa furaha huweza kuja asubuhi na kuondoka jioni. Likiitwa raha, huharibika kabisa. Heri hulikaribia zaidi, maana husemwa juu ya maisha mazima ya mtu. Mfasiri asiyeliangalia jambo hili humsemesha Aristotle asilolisema.

Katika Maadili ya Nicomachus, kitabu chenye sehemu 10, Aristotle (384–322 K.K.) anauliza kazi ya mwanadamu ni ipi. Mpiga filimbi ana kazi yake. Jicho na mkono vina zao. Mimea huishi na wanyama huhisi, lakini akili ni fungu la mwanadamu. Basi heri ni utendaji wa roho ufuatao wema, tena katika maisha yaliyotimia. Mwenye wema aliyelala usingizi umri wake wote hawezi kuitwa mwenye heri, kwani wema usiotenda haujafika mwisho wake.

Je, wema peke yake unatosha? Socrates, aliyekunywa sumu huko Athens mwaka 399 K.K., anasimuliwa na Plato kuwa alishikilia kwamba mtu mwema hawezi kudhurika. Aristotle hakukubali kwenda mbali hivyo. Anamtaja Priam, mfalme wa Troy, aliyeangukiwa na misiba mikubwa katika uzee wake: nani atamwita mwenye heri? Walakini mtu mwema, hata akianguka hivyo, hawi mnyonge wa nafsi, maana hatatenda la kuchukiza. Hufanya lililo bora kwa yale aliyojaliwa, kama mshona viatu mwema ashonavyo viatu bora kwa ngozi aliyopewa. Hapa ndipo uzuri wa kitabu ulipo: hakidharau machozi, wala hakiiachii bahati utawala wote.

Lakini kitabu kina doa, na si dogo. Katika sehemu ya 10 Aristotle anasema kuwa hapana ampaye mtumwa fungu katika heri. Neno hili linapingana na msingi wake mwenyewe. Ikiwa heri hutokana na kazi ya mwanadamu kwa kuwa ni mwanadamu, sharti mtumwa awe na njia ya kuifikia, au athibitishwe kuwa si mtu. Na katika sehemu ya 8 Aristotle mwenyewe anakiri kwamba urafiki na mtumwa hauwezekani kwa kuwa ni mtumwa, bali wawezekana kwa kuwa ni mtu. Mlango aliokuwa ameufunga aliufungua kwa mkono wake, asiingie.

Aliyeingia alikuja baadaye. Epictetus, mfuasi wa Stoa, alikuwa mtumwa Roma kabla ya kuachwa huru na kuwa mwalimu Nicopolis. Naye alifundisha kwamba heri imo katika yale yaliyo chini ya uwezo wa mtu mwenyewe. Yamkini alipunguza mno uzito wa misiba, ambao Aristotle aliupima vema. Lakini juu ya nani aitwe mtu, mtumwa yule alimshinda bwana mkubwa wa falsafa. Na msomaji wa haki hana budi kuwasoma wote wawili pamoja.