Mwandishi Anapojiita "Yeye": Uhakiki wa The Armies of the Night

Mnamo tarehe 21 Oktoba 1967, maelfu ya Wamarekani waliandamana hadi Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, kupinga vita vya Vietnam. Norman Mailer alikuwa miongoni mwao, akakamatwa. Mwaka 1968 alichapisha The Armies of the Night, kitabu kilichotunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka 1969.

Kinachotushughulisha hapa ni nafsi. Mailer hasemi "mimi"; anajisimulia katika nafsi ya tatu, kama mhusika wa riwaya. Anaanza na taarifa ya jarida la Time iliyomkejeli kwa ulevi na lugha chafu, kisha anaiweka kando na kutoa masimulizi yake. Tunamsifu kwa kuwa hajisafishi: ulevi haukanushi, na majivuno yake anayacheka mwenyewe. Hapo ndipo tunapoanza kumwamini.

Hata hivyo, "yeye" huyo amelijaza jukwaa. Vijana waliopigwa usiku ule wanasimuliwa katika sehemu ya pili, iliyo fupi zaidi. Nao Wavietnamu, waliokuwa wakifa, wanabaki kujadiliwa tu. Anayejicheka sana bado anajizungumzia.

Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba nafsi ya tatu humweka msimulizi mbali na upendeleo. Kwa maoni yetu, kitabu hiki kinadai swali la ziada darasani: ni nani aliyepewa "yeye", na ni akina nani walioachwa kuwa "wao"?