Kufungua ubavu wa ordi si dawa

Bandugu, tuambiane ukweli. Karte grafiki ikipasha sana, hapa Goma shauri ni moja tu: "Fungua ubavu wa ordi, itapata hewa." Hata mimi nilifuata. Juma mbili digrii zilishuka, kisha zikapanda kupita mwanzo, na ordi ikazimika katikati ya ramani za mashamba nilizopaswa kutoa kesho yake. Kazi ikapotea.

Shauri lile si uongo mtupu: hewa inaingia kweli. Lakini hewa gani? Mji wetu uko juu ya lava. Ile ya 2002 ilifunika hata katikati ya mji, na matairi yanaisaga kila siku. Sisi ba-agronome tunasifu udongo wa volkano kwa maharagi, lakini ndani ya radiateri vumbi lake linakaa kama blanketi. Tena tuko kwenye metre 1.500 hivi: hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya 10%, kwa hiyo vantilateri inazunguka sana lakini inaondoa moto kidogo. Baridi ya usiku isitudanganye.

Dawa njo hii: zima, chomoa, shika mapanga ya vantilateri yasizunguke, toa vumbi kwa burashi laini, badilisha pati termiki kama imekauka. Kisha punguza picha za mchezo hadi 60 kwa segonde. Funga ubavu, weka ordi juu ya meza, si chini.

Fundi akikuambia tu "fungua", umuulize: na vumbi litatokea wapi?