Fundi wa Kuchagua

Kufunga kompyuta si kazi kubwa. Kijana yeyote wa Kisorya mwenye bisibisi na mkono uliotulia ataijua ndani ya wiki. Plagi nyingi zimeundwa zisikubali kugeuzwa, na ram ya DDR4, hata uisukume kwa hasira, haiingii kwenye nafasi ya DDR5. Ninayemsifu mimi ni yule anayefanya kazi inayotangulia hiyo, kazi isiyo na kelele, ambayo wateja wengi hawaoni kwa nini wailipie. Huyo ni fundi wa kuchagua.

Ukimwambia unataka mashine ya gemu na ya kuhariri video, hakutajii bei. Anakuuliza. Unarekodi kwa kamera gani? Harusi moja unaweka kamera ngapi? Unaharirije, kwa Premiere au kwa DaVinci Resolve? Gemu zako ni za mpira au za bunduki? Umeme wa kwenu ukikatika unarudi kwa utaratibu au kwa kishindo? Dirisha la chumba linatazama ziwani? Mteja mwenye haraka huudhika hapo, akadhani fundi anajikweza. Lakini kila swali lina kifaa chake nyuma yake.

Kamera, kwa mfano. Kisorya ndiko barabara ya kutoka Bunda, kupitia Bulamba na Kibara, inakoishia majini, na kivuko kinaendelea hadi Rugezi upande wa Ukerewe. Mpiga video wa hapa ana wateja pande zote mbili: send-off ya Kibara wiki hii, kwaya ya Nansio wiki ijayo. Kamera nyingi za siku hizi hurekodi 4K kwa megabiti 100 kila sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa moja. Kamera mbili zikifanya kazi saa nne kwenye harusi moja, umerudi nyumbani na gigabaiti 360, na bwana harusi ameshaanza kupiga simu akiuliza lini video itakuwa tayari. Kwa hiyo fundi anaandika diski mbili kabla hajaandika kitu kingine: SSD ya haraka ya kazi inayoendelea, na hard diski kubwa ya kuhifadhia kazi iliyokwisha. Asiyeulizwa habari ya kamera huuziwa SSD moja ndogo, naye huanza kufuta harusi za watu mwezi wa pili.

Kisha kuna mambo madogo yanayotenganisha anayejua na anayesoma maandishi ya boksi. Intel ilitoa mapema 2022 prosesa mbili, Core i5-12400 na i5-12400F. Zote zina kori sita, na yenye F huwa nafuu kidogo. F hiyo inakuambia kwamba sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa imezimwa. Mcheza gemu mwenye kadi yake ya picha hapotezi chochote. Achukue F, abaki na chenji. Mpiga video ambaye kamera yake inarekodi H.265 ya biti 10 kwa rangi za 4:2:2 ni habari nyingine. Sehemu ile iliyozimwa ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kusoma mafaili hayo bila jasho, na kadi za NVIDIA zilikuja kuupata uwezo huo kwenye kizazi cha RTX 50, mwaka 2025. Akinunua F pamoja na kadi ya zamani kidogo, picha itakwama kila anapokata kipande, na atailaumu programu, kisha ram, kisha virusi. Chanzo ni herufi moja aliyoiona siku ya kununua akaipuuza.

Kadi ya picha nayo ina ugomvi wake. RTX 4060 ya mwaka 2023 ina kasi zaidi kwenye gemu kuliko RTX 3060 ya 2021, tena inakula wati 115 wakati mwenzake anafika 170. Lakini 3060 ile yenye gigabaiti 12 za kumbukumbu inaipita 4060 ya gigabaiti 8 mahali ambapo Resolve inabeba 4K yenye marekebisho mazito ya rangi na usafishaji wa chembechembe. Ipi bora? Fundi mzuri halijibu swali hilo likiwa limesimama peke yake. Anayetegemea sola na betri usiku atahesabu wati. Anayelipwa na kwaya atahesabu gigabaiti. Na anayetaka kucheza mtandaoni ataambiwa ukweli usiopendeza: hakuna kadi inayopunguza umbali kati ya Kisorya na seva iliyoko Ulaya.

Nimefika kwenye pawa saplai, na hapa sina haraka. Haionekani, haing'ai, haiongezi kasi ya gemu hata moja, ndiyo maana ikawa mahali pa kwanza ambapo muuzaji mjanja hupunguza gharama. Utakuta boksi limeandikwa wati 600 na ndani yake ni jepesi mno. Siku umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu, kifaa hicho hakifi peke yake, kinaondoka na mazabodi na diski. Fundi ninayemheshimu humnyima mteja taa za rangi, humnyima kioo cha ubavuni, lakini pawa saplai haipunguzi. Huitafuta yenye jina na yenye kinga, wala haridhiki na nembo ya 80 Plus peke yake, maana mpango huo ulioanza 2004 hupima umeme kiasi gani unapotea njiani, haupimi kama kifaa kitakulinda. Kisha huichagulia UPS inayoelewana nayo. Baadhi ya pawa saplai za kisasa hukorofishana na UPS ya bei ya chini ambayo mawimbi yake ya umeme si laini, mashine ikazimika wakati uleule ilipopaswa kuokolewa.

Swali la dirisha nalo si la upuuzi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam, na feni inapata hewa pungufu kwa mzunguko uleule. Hilo ni dogo. Kubwa ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo, na wanaofuata taa. Kasha lenye mwanga wa rangi karibu na dirisha la ziwani ni mwaliko kwao. Hapa huchaguliwa kasha lenye wavu wa kuchuja unaochomoka na kuoshwa.

Wengi hawana fedha za yote hayo, na ufundi huonekana zaidi hapo. Kompyuta za ofisi za mtumba, Dell OptiPlex na ndugu zake, zinapatikana kwa bei ya kuvumilika, ila baadhi zina plagi za umeme za kiwandani kwao, hivyo pawa saplai ya kawaida haziipokei bila adapta. Anayejua hutafuta kadi kama GTX 1650 ya aina isiyodai waya wake wa umeme, inayotosheka na wati 75 za mazabodi, na kijana anaanza kazi. Akiletewa kadi kubwa ya mtumba kwa bei ya kushangaza, anakumbuka kwamba Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha Septemba 2022 na kadi zilizochoka zikamwagwa sokoni. Anaipima ikiwa na moto, kwa muda mrefu, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ng'ambo ya kivuko, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu kwa Kikerewe. Toleo la Kiswahili, alilolitafsiri mwenyewe, lilitoka 1980. Amewapa watu wake Myombekere na Bugonoka kazi za mikono, na amezieleza hatua kwa hatua bila kuomba radhi kwa urefu. Nadhani fundi wetu angepata kwake kurasa kadhaa, na nyingi zingekuwa za maswali, chache sana za bisibisi.

Basi ukienda kwa fundi na asikuulize chochote zaidi ya bajeti yako, aga kwa heshima uondoke. Akikuuliza mpaka ukachoka, kisha akakupa orodha, mlipe kwa orodha hiyo, hata kama vifaa utaagiza kwa basi kutoka Kariakoo.